KABLA YA KUTUMA PESA, WAULIZENI MAJIRANI WA TOVUTI



Siku moja nilialikwa kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili. Siwataji jina wala kijiji, kwa sababu wao wenyewe waliniomba hivyo. Ajenda ilikuwa moja tu. Katibu alikuwa amepokea barua kwa simu kutoka kwa shirika lililojiita la ng'ambo. Barua ilisema kikundi kimechaguliwa kupewa shilingi milioni moja na laki mbili za kununua matangi ya maji. Sharti lilikuwa dogo: walipe shilingi 12,500 za kufungulia faili kabla ya Ijumaa. Barua ilikuwa na muhuri, ilikuwa na sahihi, na chini kabisa ilikuwa na anwani ya tovuti. Mweka hazina alikuwa ameshatuma shilingi 2,000 za kuonyesha nia. Zile zilizobaki zingetoka kwenye pesa za mzunguko, na zamu ya mwezi huo ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akingojea karo ya mtoto.

Wakaniuliza, "Mwalimu, hii ni kweli ama ni uongo?" Nikajibu kwamba sijui. Lakini kuna njia ya kujua, na haihitaji mtu awe amesoma chuo kikuu. Inahitaji simu yenye intaneti, au nusu saa kwenye saiba, na alama chache za kuandika pale mahali pa kutafutia. Wengi wetu tunatumia Google kila siku na hatujawahi kuambiwa kwamba alama hizo zipo.

Karani na daftari lake

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo mashine ya kutafuta. Watu hudhani ukiandika swali kwenye Google, kuna mtu fulani huko anayejua ukweli. Hayuko. Google, Bing na wenzao ni kama karani mwenye daftari kubwa mno. Programu zake huzunguka usiku na mchana, zikitoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, yaani yale maneno ambayo ukiyabonyeza unapelekwa kwenye ukurasa mwingine. Kila ukurasa unaofikiwa, maneno yake yanaandikwa kwenye daftari. Ukiuliza swali, karani hatoki nje kwenda kuuchunguza ulimwengu. Anafungua daftari tu na kukuletea kurasa zenye maneno yanayokaribiana na yako.

Kwa kuwa kurasa ni nyingi, ni lazima apange ni upi utangulie. Larry Page na Sergey Brin walianza kazi hiyo wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kabla ya kuunda kampuni ya Google mwaka 1998. Wazo lao lingeeleweka na mzee yeyote wa kijiji: yule anayetajwa na wengi, hasa na watu wenye heshima, atangulie. Kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine kilihesabiwa kama ushahidi. Siku hizi wanapima mambo mengine mengi pia, lakini viungo bado vimo.

Sasa oneni shida iko wapi. Ukiandika jina la shirika peke yake, karani atakuletea kwanza tovuti ya shirika lenyewe. Ni kama kijana amekuja kuposa, nanyi mnamwuliza yeye mwenyewe kama ana tabia nzuri. Atawaambia nini? Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Tuliandika jina, tovuti ikatokea juu kabisa, imepambwa, ina picha za watoto wakinywa maji safi. Akina mama wakapiga makofi. Kumbe hatukuwa tumejua kitu bado.

Alama za kuanzia

Alama ya kwanza ni alama za usemi, zile mnazofunga nazo maneno ya mtu. Kwenye simu utazipata ukibonyeza kitufe chenye tarakimu. Ukiandika maneno matano bila alama hizi, karani anayatafuta popote yalipo, na mengine anaweza kuyaacha au kuyabadilisha. Ukiyafunga, umemwambia: nataka maneno haya haya, kwa mpangilio huu huu.

Ya pili ni neno site likifuatwa na nukta mbili, halafu anwani. Hilo linamwambia karani atafute ndani ya tovuti moja tu, au ndani ya kundi moja la tovuti. Kwa mfano, tovuti za serikali ya Kenya huishia na go.ke. Basi ukiandika hivi:

"Uwezo Fund" site:go.ke

utaletewa kurasa za serikali peke yake zinazotaja ule Mfuko wa Uwezo unaokopesha vikundi vya akina mama, vijana na walemavu. Magazeti hayatakuja, wala wanaojiita mawakala. Angalieni sana: baada ya nukta mbili hakuna nafasi. Ukiacha nafasi hata moja, amri inaharibika na hutaambiwa kwamba imeharibika.

Ya tatu ni alama ya kutoa, kile kistari kifupi. Ukiiweka mbele ya neno, bila nafasi katikati yake na hilo neno, unasema: niondolee kurasa zenye neno hili. Na ya nne ni filetype:pdf, inayoleta hati zilizotayarishwa kwa kuchapishwa, kama bajeti, ripoti na fomu. Ofisi nyingi huweka mambo yao mazito katika hati za namna hiyo.

Kuna nyingine. Ukiandika neno OR kwa herufi kubwa kati ya maneno mawili, utaletewa kurasa zenye moja kati ya hayo. Amri ya intitle: hutafuta neno kwenye kichwa cha ukurasa, na inurl: hulitafuta ndani ya anwani. Hizi mtazizoea wenyewe. Mimi nataka tukae zaidi kwenye ile ya pili na ya tatu zikitumiwa pamoja, kwa sababu ndizo zilizotusaidia.

Kuwauliza majirani

Tuseme tovuti iliyoandikwa kwenye barua inaitwa ufadhilimfano.org. Jina hili nimelibuni ili nisimchafulie mtu yeyote jina. Andikeni hivi:

"ufadhilimfano.org" -site:ufadhilimfano.org

Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: niletee kila ukurasa unaotaja anwani hii, lakini usiniletee ukurasa hata mmoja wa tovuti yenyewe. Yaani mgeni tumemwomba atoke nje kidogo, tuzungumze na majirani.

Fanyeni vivyo hivyo kwa jina la shirika. Lifungeni kwa alama za usemi, kisha muiondoe tovuti yake. Ni muhimu kufanya yote mawili, kwa sababu mara nyingi mtu anayeweka kiungo haandiki anwani yenyewe, anaificha chini ya maneno kama "bonyeza hapa." Kiungo cha namna hiyo hakionekani kwa kutafuta anwani peke yake, lakini jina la shirika kwa kawaida litakuwa limetajwa karibu.

Je, mtegemee kuona nini? Shirika ambalo kweli limechimba visima na kujenga matangi miaka ishirini huacha nyayo. Gazeti la mahali fulani limeandika habari zake. Kaunti fulani imelitaja kwenye ripoti. Chuo kimefanya utafiti nalo. Wafadhili wake wameliorodhesha. Mtu amelalamika pia, kwa sababu hakuna shirika lisilolalamikiwa. Siku ile sisi tulipata kurasa mbili tu. Ya kwanza ilikuwa orodha ya matangazo ambayo mtu yeyote anaweza kujiandikia. Ya pili ilikuwa ya sifa tupu.

Hizo sifa ndizo zilizotufungua macho. Nilimwomba katibu achague sentensi moja kutoka kwenye barua, ndefu kidogo, ambayo si ya kawaida. Si "tunafurahi kuwajulisha," kwa sababu hiyo huandikwa na kila mtu. Akachagua moja iliyohusu tangi na heshima ya mama wa kijijini. Tukaifunga yote kwa alama za usemi na kutafuta. Ikatokea kwenye tovuti nyingine tatu, neno kwa neno, kila moja ikiwa na jina lake la shirika. Mojawapo ilizungumza habari za matrekta, lakini ile sentensi ya tangi walikuwa wamesahau kuitoa.

Wakora wanajua kwamba mashine huhesabu viungo kama ushahidi. Kwa hivyo hujenga tovuti tano au kumi zinazosifiana na kupelekana huku na huku. Ukitazama harakaharaka unaona mashahidi kumi. Ukifunga sentensi moja kwa alama za usemi unagundua wote wana mdomo mmoja.

Jambo lingine: tafuteni pia nambari ya simu na ile nambari ya kulipia. Nambari ya simu huandikwa kwa namna nyingi, ikianza na 07 au 01, au na 254, au na alama ya kujumlisha mbele, pengine ikiwa na nafasi katikati. Jaribuni kila namna, moja moja, ndani ya alama za usemi. Mtu aliyetapeliwa mahali pengine huenda aliiandika akilia.

Anwani husomwaje?

Anwani ya tovuti husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ukianzia pale mkwaju wa kwanza unapotokea baada ya jina. Mwenye nyumba yuko mwisho, si mwanzo. Anwani inayoishia na go.ke ni ya ofisi ya serikali, kwa sababu mwisho huo umetengewa serikali. Lakini mkiona kitu kama misaada-go-ke.com, huyo ni mtu aliyenunua jina la com na kubandika vistari. Na mkiona uwezo.go.ke.mfano.com, mwenye nyumba ni mfano.com, hayo mengine ya mbele ni rangi ya mlangoni. Kule nyuma ya com na org hakuna anayepiga hodi kuuliza wewe ni nani. Yeyote mwenye pesa kidogo ananunua jina asubuhi na kufungua tovuti kabla ya chakula cha mchana. Kwa hivyo msidhani org maana yake ni shirika la kusaidia watu.

Umri wa tovuti pia unaweza kuulizwa. Kwa majina ya com na org, ingieni lookup.icann.org, andikeni anwani, na mtaonyeshwa tarehe ambayo jina lilisajiliwa. Kwa majina yanayoishia na ke, anayesimamia ni KeNIC. Halafu kuna ghala la kurasa za zamani, web.archive.org, lililofunguliwa kwa watu wote mwaka 2001. Ghala hili hupiga tovuti picha kila mara na kuziweka kwa tarehe. Barua yetu ilisema shirika limekuwa likisaidia Afrika tangu 1998. Jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa miezi minne iliyopita. Hata shirika la zamani linaweza kubadilisha jina la tovuti, ni kweli, lakini basi lile jina la zamani lingeonekana mahali. Tulilitafuta kwa kuongeza before:2020-01-01 baada ya jina la shirika, amri ambayo Google hukubali ili kuleta kurasa za kabla ya tarehe fulani. Hatukupata kitu. Tarehe hizo si sahihi wakati wote, kwa maana mashine yenyewe hukisia, lakini tupu ni tupu.

Alama zilizokufa

Mkiuliza kijana wa saiba, huenda akawaambia mtumie link: ili mwone nani anaunganisha na tovuti fulani. Amesoma maelezo ya zamani. Amri hiyo ilikuwa nzuri sana enzi za AltaVista, mashine iliyofunguliwa Desemba 1995 na kufungwa Julai 2013. Google nao walikuwa nayo, lakini mwaka 2017 walisema watu waache kuitumia. Alama ya kujumlisha iliyomaanisha "neno hili ni lazima" waliiondoa mwaka 2011, na kazi yake ikachukuliwa na alama za usemi. Amri ya cache:, ya kuona nakala ya ukurasa uliofutwa, iliondolewa mwaka 2024. Sasa nakala zitafuteni kwenye lile ghala. Ubaya wa amri iliyokufa ni kwamba haisemi imekufa. Inaleta majibu ovyo nawe unayaamini.

Msiamini pia ile hesabu ya kurasa ambayo mashine hutoa. Ni makisio. Kurasa "elfu nane" zinaweza kuisha mkifika ukurasa wa tatu wa majibu.

Na kutafuta mema je?

Nisije nikawaacha mkidhani kazi ya alama hizi ni kukamata wezi tu. Kikundi kinachotaka kujenga bwawa la mchanga huko Makueni kinaweza kuandika:

"sand dam" site:makueni.go.ke filetype:pdf

kisha kufungua hati na kutafuta jina la wadi yao. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kama mradi wenu umeandikwa humo, mna la kumwuliza mwakilishi wadi mbele ya watu. Kama haumo, mna la kudai kwenye kikao cha maoni ya wananchi. Nimetumia maneno ya Kiingereza kwa sababu ofisi zetu huandika hati kwa Kiingereza. Mkitafuta "bwawa la mchanga" kwenye tovuti ya kaunti mtarudi mikono mitupu, na kumbe habari iko.

Sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 nayo inapatikana hivi:

"Community Groups Registration" site:kenyalaw.org

Katibu aisome mwenyewe, asingoje kusomewa na mtu anayetaka chai.

Wafadhili wa kweli pia hutafutwa kwa nyayo. Badala ya kuandika "wafadhili wa vikundi," ambayo itawaletea matapeli wote wa ulimwengu, tafuteni kikundi kingine kinachofanya kazi kama yenu na kimefaulu. Andikeni jina lake ndani ya alama za usemi mkiongeza maneno "funded by" au "supported by," nayo pia ndani ya alama zake. Mtaona nani aliwasaidia. Kisha mchunguzeni huyo naye kwa njia ile ile ya majirani.

Mahali ambapo karani haoni

Daftari la karani halina kila kitu. Mazungumzo ya WhatsApp hayamo, vikundi vilivyofungwa vya Facebook havimo, wala hati zilizopigwa picha vibaya hazisomeki vizuri. Kwa hivyo kutoonekana peke yake si hatia. Kikundi chenu chenyewe huenda hakimo kwenye intaneti hata mara moja, na ninyi ni watu waaminifu. Tofauti ni kwamba ninyi hamdai mmefanya kazi katika nchi thelathini. Anayedai makubwa ndiye anayepaswa kuwa na nyayo kubwa.

Tena siku hizi mashine nyingi hutanguliza muhtasari ulioandikwa na kompyuta yenyewe, na kabla au baada yake kuna matangazo yaliyolipiwa. Huo muhtasari unaweza kuchukua maneno ya tapeli na kuyasema kwa sauti ya mwalimu. Shukeni chini, fungueni ukurasa wenyewe, someni ni nani aliyeandika.

Kuhusu gharama: andikeni maswali yenu kwenye karatasi kabla ya kuingia saiba, na alama zake zote, ili msikae mkifikiri huku dakika zinahesabiwa. Wawili waende pamoja, mmoja aandike na mwingine asome. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikundi, na tarehe na anwani ya ukurasa.

Na kabla hamjamwambia mshukiwa neno lolote, wekeni ushahidi. Kwenye web.archive.org kuna mahali pa kuandika anwani ya ukurasa ili uhifadhiwe vile ulivyo siku hiyo. Sisi tulihifadhi kurasa nne, pamoja na ile ya matrekta. Kisha katibu akapiga simu na kuuliza ofisi iko wapi na kwa nini tovuti ni ya miezi minne. Yule bwana akasema atapiga baadaye. Wiki mbili baadaye tovuti ilikuwa imeondolewa, lakini nakala zilikuwa zimeshachapishwa na kupelekwa kituo cha polisi pamoja na ujumbe wa ile shilingi 2,000. Pesa hiyo haijarudi. Zile 10,500 hazikutoka kwenye sanduku, na mama wa zamu alipata pesa zake Jumamosi kama ilivyopangwa.